Mzunguko Mmoja kwa Siku

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, mgongo wangu ulipokatika. Naijua saa hiyo kwa sababu kila bomba tulilotoa kisimani nilikuwa nikiandika wakati lilipotoka, na bomba la kumi na moja lilikuwa limetoka dakika nne kabla. Tulikuwa Salaita, kwenye shamba la vitunguu, mwenzangu nami, tukitoa pampu iliyokufa mita tisini chini ya ardhi. Kila bomba ni la chuma na lina urefu wa mita sita. Mnyororo hupita juu ya miguu mitatu ya chuma iliyosimamishwa mdomoni mwa kisima. Mmoja wetu huvuta, mwingine huongoza. Bomba la kumi na mbili lilipofika nusu, ndoano iliteleza. Bomba likaanza kurudi shimoni, nami nikafanya jambo ambalo kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa nikiwakataza wengine. Nililikumbatia.

Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia mlio, kama wa kijiti kikavu, halafu mguu wa kushoto ukawa si wangu.

Mwenzangu alinilaza nyuma ya pikapu juu ya magunia. Kabla hajafunga mlango nilikuwa nimeshamwambia kwamba ndoano aliifunga yeye. Alinifunika uso kwa kofia yake ili jua lisinichome, akaniendesha taratibu hadi Voi.

Daktari alinionyesha picha. Kati ya pingili mbili za chini za mgongo, ile gegedu laini inayozitenganisha ilikuwa imechomoza na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Nilipenda alivyoeleza, kwa sababu alieleza kama fundi. Alisema wengi wenye hali kama yangu hupona bila kisu wakipewa muda na mazoezi ya kufaa, na kwamba mguu wangu bado ulikuwa na nguvu, kwa hivyo angenipa miezi mitatu. Nguvu zikipungua, itabidi nipasuliwe. Nilimuuliza bei. Baada ya bima kulipa sehemu yake, tungebakiwa na shilingi laki tatu na elfu arobaini za kujilipia wenyewe.

Mimi na mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, hatukuwa na fedha hizo. Tulichokuwa nacho ni shamba la Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, alilotuachia baba na ambalo mama hulima mahindi na pojo mpaka leo. Mfanyabiashara mmoja wa Voi alikuwa ameliulizia mara mbili. Alitaka sehemu yote ya chini, yenye udongo mzuri, na bei aliyotaja ilikuwa karibu sawa na bei ya kisu. Mama angebaki na nyumba, choo na ua. Nilipompigia simu kumweleza, alisema niuze. Aliposema hivyo ndipo nilipoogopa. Kwa miaka yote niliyomjua, mama yangu hajawahi kukubali jambo upesi hivyo.

Mfanyabiashara alisema angesubiri mpaka kabla ya mvua za vuli, kwa sababu alitaka kupanda. Baada ya hapo angetafuta kwingine.

Mama huyo huyo ndiye aliyenipeleka kwa mwalimu wa yoga. Alinieleza habari za mwanamke wa kwao, aliyewahi kusuka naye vikapu katika kikundi kimoja, ambaye sasa anakaa Voi na kuwafundisha watu kunyooka. Nilicheka. Miezi ile nilikuwa nacheka kwa uangalifu, kwa sababu kicheko pia kiliuma. Nilidhani yoga ni kitu cha watalii, cha kufanywa juu ya sakafu ya mbao mbele ya tembo.

Kumbe ndivyo alivyoijua mwalimu mwenyewe. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minne katika hoteli moja ya mbugani, akitandika vitanda na kufua mataulo. Kila asubuhi alitumwa kupeleka mataulo mahali ambapo wageni walifanya yoga. Mumewe alipofariki, usingizi ulimtoka kwa mwaka mzima, na bega lake la kulia likakauka hata hakuweza kuanika shuka. Mwalimu mmoja mgeni, aliyekaa pale msimu mzima, alimwona akianika kwa mkono mmoja. Akamwambia aweke ndoo chini na aingie. Aliingia kila siku kwa miezi saba, kabla ya zamu yake, bila kukosa. Mgeni alipoondoka, yeye aliendelea peke yake katika chumba cha kufulia. Alinieleza haya yote kwa sauti ile ile ambayo mtu angeeleza alikonunua sukari.

Alipostaafu alimwomba mchungaji wa kanisa moja hapa Voi ukumbi wa nyuma. Baadhi ya wazee wa kanisa walikuwa na wasiwasi, wakamtaka aeleze wanafunzi wake wanamwomba nani. Alijibu kwamba wanahesabu pumzi, na kwamba ya kuomba yataombwa Jumapili. Mchungaji hakubishana na upande wowote. Alikuja mwenyewe asubuhi tatu, akalala chali pamoja na wengine, na asubuhi ya tatu akakoroma. Siku hiyo hiyo alimpa funguo.

Nilifika mara ya kwanza saa kumi na mbili na dakika mbili asubuhi, nikaukuta mlango umefungwa. Nje kulikuwa na benchi, na kwenye benchi mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya reli, amefumba macho, anapumua. Alifungua jicho moja akaniambia kwamba mlango hufungwa saa kumi na mbili kamili, na kwamba anayechelewa hufanyia somo lake hapo.

"Miaka thelathini niliwafungia watu treni," alisema, "sasa nafungiwa mimi." Akarudi kwenye pumzi zake.

Kesho yake nilifika saa kumi na mbili kasorobo. Mwalimu alikuwa akifagia. Ni mwanamke mfupi, mwembamba, wa miaka sitini na kitu, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba aliinama kufagia bila kuupinda mgongo. Nilimpa picha ya hospitali. Aliiangalia kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia, akasema hajui kuisoma. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza: ninalalaje, naamkaje, na ni saa ngapi za siku ambapo hakuumi. Nikamwambia hakuna saa hiyo. Akasema basi tutaanza kwa kuitafuta.

Wiki mbili za kwanza sikufanya lolote ambalo ningeliita zoezi. Nililala chali juu ya mkeka, miguu ikiwa juu ya kiti, nikihesabu pumzi. Kuvuta kwa nne, kutoa kwa sita. Wenzangu kumi na mmoja walisimama kwa mguu mmoja, walijikunja, walijinyoosha; mimi nilitazama dari. Katika siku ya tisa, kwenye pumzi ya thelathini na kitu, niligundua kwamba kwa muda fulani nilikuwa nimesahau mguu wangu. Nilimwambia mwalimu. Aliniuliza ilikuwa muda gani, nami nikakadiria dakika nne. "Haya," alisema, "hizo ndizo tutakazozilea."

Wiki ya tatu aliniruhusu kusimama na kuinama polepole kutoka nyongani, magoti yamelegea. Hapo ndipo nilipoharibu.

Lazima nieleze nilivyozoea kujifunza. Niliacha shule kidato cha pili. Yote ninayoyajua kuhusu pampu niliyapata kwenye vitabu vya mashine, kwa kamusi, na kwa kupima. Nikitaka kuelewa kitu hupima leo, hupima kesho, na huandika tofauti. Kwa hivyo nilikwenda mazoezini na futi, na kila asubuhi nilipoinama nilimwomba mzee wa reli apime nafasi kati ya vidole vyangu na sakafu. Siku ya kwanza ilikuwa sentimita arobaini na moja. Wiki moja baadaye ilikuwa thelathini na sita. Nilichora mstari kwenye daftari, nikaona kwamba nikiendelea hivyo ningegusa sakafu wiki nyingi kabla ya mvua. Shamba lingepona.

Halafu mstari ukalala. Siku nane vidole vyangu havikushuka hata sentimita moja. Mzee wa reli alianza kunitania, ananiuliza kama sakafu imeshushwa. Mwalimu aliliona daftari langu, akasema tu kwamba mwili hauna haraka. Nilimwitikia kwa heshima, na jioni ile nikaenda dukani nikanunua kapi dogo jipya la chuma na kamba laini mita nane.

Nadhani mtu wa kazi nyingine asingefanya hivi. Nililifunga kapi kwenye boriti ya karakana yangu. Upande mmoja wa kamba nilifunga kitanzi cha ngozi cha kuingiza mguu, upande wa pili nikaning'iniza ndoo ya mchanga. Nililala chali, nikatia mguu wa kushoto kitanzini, na ndoo ikauvuta mguu juu taratibu, ikaunyoosha nyuma ya paja. Nilianza na kilo nne. Kila jioni niliongeza nusu kilo. Mtambo ulikuwa mzuri. Haukulia wala haukuyumba. Na vidole vyangu vilianza kushuka tena: thelathini na nne, thelathini na mbili, thelathini na moja. Sikumwambia mtu.

Jioni ya ndoo ya kilo kumi, nilisikia kitu kikivutwa ndani kabisa, chini ya kiuno, na moto ukateremka hadi kidole kikubwa cha mguu. Nilijaribu kutoa mguu kitanzini nikashindwa. Nilikaa hivyo nikihesabu pumzi, kwa sababu hakukuwa na lingine la kufanya, mpaka mke wangu alipokuja kuniita chakula.

Alikata kamba kwa kisu cha jikoni. Akaniegemeza begani hadi kitandani.

"Wewe hata kuumwa hujui," alisema, "mpaka uwe umetengeneza mashine."

Daktari alinipima akaona mguu umepungua nguvu kidogo, ila si kiasi cha kutisha. Aliniuliza nilichofanya. Nilimchorea. Aliitazama ile michoro kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akaniambia nipumzike wiki mbili, nirudi kwenye mazoezi yangu ya asubuhi, na nimwone baada ya miezi mitatu na nusu. Siku ambayo ncha ya mguu ingelegea nikawa naiburuta, nisingoje tarehe, nije. Nilihesabu. Miezi mitatu na nusu ilifika ukingoni mwa vuli. Sasa hapakuwa na nafasi ya kosa jingine.

Nilimwendea mwalimu nikiwa tayari kufukuzwa. Nilimweleza yote mbele ya wenzangu, kwa sababu niliona ni haki, na mzee wa reli kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Mwalimu aliomba kuona mtambo. Mchana ule alikuja karakana, akalikagua kapi, akavuta kamba mara mbili ili asikie linavyozunguka.

"Kapi ni zuri," alisema. "Umelifunga vizuri. Lishushe."

Nililishusha mbele yake. Kisha akatoa katika mfuko wake nyuzi za mkonge, nyeupe na za rangi ya udongo, na kitako cha kikapu kilichoanzwa, kipana kama kisahani cha chai. Alinionyesha jinsi ya kusuka. Agizo lake lilikuwa hivi: kila asubuhi baada ya mazoezi nisuke mzunguko mmoja. Si nusu, si miwili. Futi nikaiache nyumbani, na katika daftari nisiandike lolote ila kama nimekuja au sikuja.

Sikuwahi kushika kazi ya namna hiyo. Kwetu ni kazi ya wanawake, na mama yangu aliifanya miguu ikiwa imenyooshwa mbele, mgongo wima, saa nzima bila kuegemea. Mimi nilisuka kama ninavyofunga nati. Baada ya siku kumi na mbili kitako changu kilikuwa kimejikunja kando zote, kama jani lililokauka. Nilimpelekea. Alikiweka sakafuni kikatikisika.

"Ukivuta uzi sana, kinaikimbia sakafu," alisema. "Hakikai." Akanifumulia mizunguko yote kumi na miwili, taratibu, bila hasira, akanirudishia nyuzi. Nilitazama vidole vyake vikifanya kazi ile, nikaelewa nilichokuwa nimefanya kwa mguu wangu.

Tangu hapo namheshimu mwanamke yule kuliko mafundi wote niliowahi kufanya kazi nao. Watu husema mtu fulani ana nidhamu wakimaanisha anajua kujilazimisha. Yeye hakujilazimisha kamwe. Alikuja tu. Alikuja asubuhi ya mafua akafundisha kwa kuonyesha kwa mikono. Alikuja siku iliyofuata mazishi ya dada yake, akafagia, akafungua dirisha, akafunga mlango saa kumi na mbili kamili. Asubuhi ile alifanya nusu tu ya aliyotufanyisha sisi, alilala chali akapumua, na sote tulisikia pumzi yake inatetemeka inapotoka. Hakuificha wala hakuieleza. Somo lilipoisha alikunja mkeka wake kama siku zote.

Nami nikaanza kuja tu. Asubuhi nyingine niliinama karibu na sakafu, nyingine mbali, na sikujua ni sentimita ngapi. Nilianza kulala usiku kucha. Kisha nikaona mambo mengine ambayo sikuyatarajia. Mke wangu aliniambia kwamba sasa namngoja amalize sentensi. Sikujua kwamba nilikuwa simngoji.

Na asubuhi moja, nikiwa chali, nikihesabu, nilikumbuka ndoano. Sikuwa naitafuta. Niliona mkono wangu mwenyewe umeshika kalamu, unaandika saa ya bomba la kumi na moja, na mwenzangu akiniuliza kama ndoano iko sawa, nami nikimjibu ndiyo bila kuinua macho. Alikuwa ameuliza. Kukagua ilikuwa zamu yangu. Miezi mitano nilikuwa nimembebesha mzigo huo, na yeye kila Ijumaa alikuwa akileta kwangu sehemu yangu ya malipo ya kazi alizozifanya peke yake.

Nilikwenda kwake siku ile ile kwa miguu. Nilimkuta akipaka grisi. Nilimwambia kwamba ndoano ilikuwa yangu, na kwamba nilimkosea. Aliendelea kupaka.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa nangoja upone kwanza ndiyo nikugombeze."

"Basi nigombeze."

Aliniangalia juu mpaka chini. "Bado," alisema, akanipa kitambaa nifute mikono, ingawa yangu ilikuwa safi.

Siku ya daktari ilipofika, mfanyabiashara alikuwa ameshapiga simu mara mbili wiki hiyo. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya vilima. Daktari alinitembeza kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole, akausukuma mguu wangu kila upande na kuniambia niukaze. Niliukaza. Alisema nguvu zimerudi, kwamba haoni sababu ya kisu, na kwamba nisiinue bomba tena maishani mwangu; kuongoza naweza. Aliniuliza nimefanya nini. Nikamwambia nimesuka kikapu. Nadhani alidhani ni utani.

Sisemi kwamba yoga huponya kila mgongo. Mzee wa reli bado anatembea na fimbo, na mwalimu mwenyewe hadi leo hawezi kuinua mkono wa kulia kupita sikio. Ninasema nilichokiona kwangu.

Jumamosi hiyo nilikwenda Makwasinyi. Kikapu kilikuwa kimekamilika, mizunguko sabini na tisa pamoja na ukingo, na kilipowekwa chini kilikaa. Mama alikuwa shambani, sehemu ile ile ya chini, akitayarisha udongo kungoja mvua. Nilisimama ukingoni nikamtazama kabla hajaniona. Aliinama kutoka nyongani, magoti yamelegea, mgongo bapa kama ubao, akapiga jembe, akainuka, akatoa pumzi, akainama tena. Kile nilichokuwa nimekitafuta kwa futi na kwa kapi, mama alikuwa akikifanya tangu kabla sijazaliwa, umbali wa hatua ishirini kutoka mlango wa nyumba niliyokulia.

Nilimpa kikapu. Alikigeuza akakagua kitako kwanza, kama nilivyojua angefanya, akapitisha kidole gumba kwenye mizunguko ya mwanzo.

"Hapa ulikuwa na hasira," alisema.

"Kidogo."

"Kwa hivyo huuzi."

"Siuzi, mama."

Alitia mbegu za pojo ndani ya kikapu, akakiweka kwenye mfereji, akaniambia nitie mbegu yeye akifukia, na niiname vizuri.

Jioni nilimpigia mfanyabiashara simu, kisha nikapiga hesabu. Ada ya daktari siihesabu, kwa sababu ningeilipa kwa vyovyote. Kisu kingetugharimu laki tatu na elfu arobaini. Mwalimu alitutoza shilingi hamsini kwa wiki, za umeme na ufagio, na mimi nililipa wiki ishirini na mbili: elfu moja na mia moja. Kapi na kamba, ambavyo navyo ni haki nivitaje, vilikuwa elfu moja, mia nane na hamsini. Tulichookoa ni shilingi laki tatu, elfu thelathini na saba na hamsini.